Dakika Arobaini Chini ya Mnara

Mlima uliporomoka nyuma yao, gari likiwa limepita kona kitambo kidogo tu. Walisikia mngurumo wakadhani ni radi. Kisha dereva akatazama kwenye kioo cha pembeni, akaona barabara waliyotoka kuipita haipo. Pale penye kona palikuwa na matope, mawe, na miti iliyolala mizizi juu.

"Basi ni mbele kwa mbele," alisema. "Kurudi hakuna."

Dereva huyo walimwita Gogo, kwa jinsi alivyolala kila alipopata nafasi ya kukaa. Alikuwa shemeji wa fundi mkuu, kaka wa mkewe, na pale karakana walisema hata kazi aliipata kwa posa ya dada yake. Hakuwabishia. Fundi mkuu mwenyewe alikaa dirishani, na katikati yao alibanwa mpwa wake, binti wa dada yake, mpanda minara wa mwaka wa pili, ambaye alimwita mjomba hata mbele ya wakubwa. Fundi alijifanya hapendi.

Dhoruba ya siku tatu ilikuwa imeuzima mnara wa simu kileleni, na mabonde yote ya upande ule yalikuwa bubu. Wao walitumwa kuuamsha. Tangu alfajiri fundi alikuwa akisugua taya na bega la kushoto.

"Jino," alisema alipoona wanamtazama.

Jino gani la kuuma mpaka begani? Hakuna aliyeuliza. Fundi mkuu aliulizwa mambo ya nyaya. Mambo ya mwili wake aliyajua mwenyewe, au alidhani anayajua.

Chumba cha mitambo kilikuwa cha matofali, paa la bati, hakina dirisha. Ndani mlijaa jenereta, makabati mawili ya mitambo na safu ya betri, na harufu ya dizeli ilikaba koo. Binti alipanda mnara kwenye mvua, akabadilisha waya uliokatika, akashuka vidole vikiwa vimekufa ganzi. Saa sita kasoro mnara uliamka. Simu tatu zililia kwa pamoja mifukoni. Fundi alicheka, akainama kukaza nati ya mwisho kwenye betri, akaanguka.

Hakuyumba wala hakuita. Alianguka kifudifudi, spana mkononi, mkono juu ya nyaya.

Gogo aliruka kumwinua.

"Usimguse!" binti alipiga kelele. "Umeme!"

Zima kwanza, gusa baadaye. Fundi mwenyewe aliyaandika maneno hayo kwa rangi nyekundu ukutani karakana, mwaka aliomzika rafiki yake aliyegusa kabla ya kuzima. Binti akazima jenereta. Akakata betri, moja baada ya nyingine. Akachukua testa, akapima nyaya, akapima kabati, akapima tena kama alivyofundishwa. Hakukuwa na umeme popote. Ndipo alipomgeuza mjomba wake, akakuta viganja havina alama ya kuungua, na uso umegeuka rangi ya majivu.

Hakuwa amepigwa na umeme hata kidogo. Ni moyo uliosimama. Dakika tatu nzima zilikwenda kwa kuzima kitu kisicho na kosa, na sasa mnara umelala tena, na simu zote tatu hazina mtandao.

Fundi alitoa mkoromo mmoja mzito.

"Anapumua!" Gogo alisema. "Huyo kalala."

"Halali. Hivyo sivyo mtu anavyopumua." Binti alikwisha kupiga magoti. Kwenye mafunzo ya usalama aliwahi kubonyeza mwanasesere wa mpira, wenzake wakimcheka kwamba anakanda unga. Aliweka viganja viwili katikati ya kifua, akanyoosha viwiko, akabonyeza kwa uzito wake wote. "Washa jenereta! Mnara ukiamka tunapiga simu zahanati ya bwawani, ile tuliyoipita kule chini. Wana mashine ya kushtua moyo, niliiona ukutani."

Betri ya kuwashia ilitoa mlio mmoja wa aibu ikanyamaza. Ukabaki mpini wa mkono. Gogo aliushika akazungusha, mara moja, mara tano. Mara ya sita injini ilikohoa, mpini ukarudi nyuma kwa nguvu ukampiga juu ya kifundo cha mkono wa kulia. Kilichovunjika walikisikia wote wawili.

Alitukana tusi ambalo halitaandikwa hapa. Kisha akashika mpini kwa mkono wa kushoto, mtu yule aliyesemwa hawezi kubeba hata gurudumu la akiba bila kupumzika, akazungusha mpaka injini ikakubali.

"Unga betri, ya kwanza na ya mwisho!" binti aliamuru bila kuacha kubonyeza. "Halafu swichi ya kabati la kushoto!"

Mitambo ile huchukua dakika nne kuamka. Taa moja nyekundu, mbili, kisha zinasubiri, kama karani anayekuona dirishani na bado anamalizia chai yake. Chini ya kiganja cha binti ubavu mmoja ulilia *ka!* Aliacha kubonyeza.

"Nimemvunja."

"Na mimi nimevunjika," alisema Gogo. "Endelea!"

Taa ya kijani iliwaka. Gogo alipiga simu kwa kidole gumba cha kushoto, akaiweka sakafuni kwa sauti ya juu. Muuguzi wa zahanati alikuwa mwanamke mwenye sauti kavu. Aliuliza maswali matatu tu: anaitika? anapumua? nani anabonyeza?

"Barabara imekatika," Gogo alimwambia.

"Miguu yangu haijakatika. Nakuja na walinzi wawili wa bwawa. Mwenzangu anabaki hapa kwenye simu kuwahesabia. Msiache. Akikoroma msiache, mkichoka badilishaneni, lakini msiache."

Wakabadilishana. Gogo alibonyeza kwa kiganja cha kushoto chini na kile kilichovimba juu yake, na kila mbonyezo ulimtoa machozi. Aliongea na maiti, kama maiti ndiyo jina sahihi, na yeye hakulikubali.

"Shemeji, sikiliza. Mimi nirudi nyumbani peke yangu? Nimwambie nini dada yangu? Unamjua vizuri kuliko mimi. Utaamka, upende usipende."

Dakika ya kumi. Dakika ya kumi na tano. Jasho la binti lilidondoka kwenye kifua cha mjomba wake. Sauti ya simuni ilihesabu moja mbili, moja mbili, bila huruma. Magoti yalichubuka kwenye sakafu mpaka suruali ikalowa damu. Kiu ikawashika, na chupa ya maji ilikuwa hatua nne tu mlangoni, hakuna aliyeifuata.

Dakika ya ishirini na tano Gogo alitazama macho ya fundi, yaliyofunguka nusu yasione kitu.

"Binti," alisema polepole. "Labda kashakwenda."

"Hajaenda."

"Dakika zote hizi..."

"Kama kaenda, hajafika! Nipishe!" Alimsukuma kwa bega, akabonyeza kwa hasira, hasira juu ya mlima, juu ya jino la uongo, juu ya zile dakika tatu alizozitupa mwenyewe. "Hapa hafi mtu. Akitaka kufa akafie kwake, mbele ya mkewe, tuone kama atathubutu!"

Gogo alicheka huku analia, akajipanga kupokea zamu.

Muuguzi aliingia akiwa matope mpaka kifuani, kiatu kimoja. Walinzi walikuwa wamemvuta kwa kamba kuvuka maporomoko, mashine ameibeba kichwani. Ilikuwa dakika ya thelathini na nane. Alikata shati, akabandika vipande viwili vya mashine kifuani, akasema wajitenge. Mashine ikashtua. Hakuna kitu. Wakabonyeza tena dakika mbili. Ikashtua mara ya pili, na muuguzi akaweka vidole shingoni, akainua mkono kuwanyamazisha, ingawa hakuna aliyekuwa akisema.

"Mpigo upo," alisema. "Mdogo, lakini upo."

Walimfunga fundi kwenye ngazi ya mnara wakamvusha juu ya matope, watu watano wakipokezana, na Gogo aliyekatazwa kubeba alibeba.

Siku ya tisa hospitalini fundi aliweza kumaliza sentensi bila kusahau mwanzo wake. Siku ile mlimani hakuikumbuka hata chembe. Daktari alimwambia wachache mno hurudi kutoka alikofika, na kwamba alikuwa na mbavu nne zilizovunjika, na kwamba asishuke kitandani peke yake. Mkewe alikaa miguuni. Gogo, mkono kwenye plasta, alilala kwenye kiti.

Binti alingoja mpaka daktari alipotoka.

"Mjomba, nilidhani umeme. Nilizima kila kitu kwanza. Dakika tatu nzima sikukugusa."

Fundi aliyatafuta maneno moja moja.

"Ungenigusa kabla ya kuzima," alisema, "ningekufukuza kazi."

Binti alilia, kwa mara ya kwanza tangu mlimani, kwa sauti, bila kujificha. Fundi alimwacha alie. Kisha akasukuma shuka na kuteremsha miguu.

"Unakwenda wapi?" mkewe alishtuka.

"Chooni."

"Daktari kasema..."

"Amesema nisiende peke yangu. Mko watatu." Alisimama, akakunja uso, mkono mmoja mbavuni na mwingine begani kwa mpwa wake.

"Zinauma?" binti aliuliza.

"Zinauma sana."

Akapiga hatua, akapumzika, akapiga nyingine. Njia nzima mpaka mlango wa choo aliwaambia wasimshike kwa nguvu hivyo, na hakuna aliyelegeza mkono.