Sufuria ya Keki ya Mwongeli

Mwongeli wa Mutomo alikuwa mwokaji hodari, ingawa hakuwa na oveni. Alitia mchanga ndani ya sufuria kubwa na kuiweka juu ya jiko la makaa. Ndani yake aliweka sufuria ndogo ya keki, akafunika, kisha akapanga makaa juu ya kifuniko. Harufu ikitoka, hata aliyeshiba alikumbuka njaa.

Mumewe, Musyimi, alikuwa fundi wa mabati. Ndiye aliyeezeka kanisa lao jipya. Akinamama walimchagua Mwongeli aoke keki ya siku ya kulifungua. Lakini sufuria yake ya keki ilikuwa imetoboka. Musyimi akachukua bati lililobaki kanisani, akakata, akakunja pembe, akamletea sufuria pana inayong'aa.

"Mama Kathini, ya aina hii hata Nairobi hawana!" alisema, kifua mbele.

Jirani zao, Wavinya na Ndila, waliitamani. Musyimi akawatengenezea pia.

Mwongeli aliijaribu kwa keki ya limau. Juu ilipendeza. Chini ilikuwa na madoa ya kijivu na ladha kama ya chuma. Binti yao Kathini alikula kipande kikubwa. Baadaye tumbo lilimsokota, akatapika.

Mtoto alipopata nafuu, Mwongeli aliifunga ile sufuria kwa leso. Akaenda kwa Tima, mwokaji wa mikate ya sinia pale mjini.

"Karibu, Mama Kathini. Mbona uso umekunjana hivyo?"

Mwongeli alimweleza yote. Tima akatoa sumaku ya redio mbovu, akaisogeza. Sumaku iling'ang'ania sufuria.

"Haya ni mabati ya nyumba," Tima alisema. "Yamepakwa zinki ndio yasishike kutu. Kwa paa ni mazuri. Lakini ukiweka kitu kichachu kama limau ama maziwa lala, halafu moto, ile zinki inaingia kwa chakula. Inaweza kusumbua tumbo."

"Woi! Na Baba Kathini alitengeneza kwa roho safi!"

"Roho ni safi, na mkono ni wa fundi. Ona hizi pembe! Shida ni bati tu. Mwambie atafute alumini, ile ya kutengenezea sufuria. Ni nyepesi, inashika moto haraka, na keki inaiva sawasawa. Sumaku haiishiki."

Mwongeli aliangalia rafu ya sufuria za Tima. "Na ile nyeusi?"

"Hiyo imepakwa dawa ndani, keki haigandi, lakini usiikwaruze na kisu. Na vile ni nyeusi, inaunguza chini haraka. Punguza makaa."

"Na ile ya kioo?"

"Ya oveni, hiyo. Ukiiweka kwa makaa itapasuka. Mimi nilipasua moja hivyo, na ilikuwa zawadi ya harusi yangu!"

Walicheka. Lakini njiani Mwongeli alikuwa na wasiwasi. Musyimi alipenda kusifiwa, na nani hapendi? Kumwambia fundi kwamba kazi yake imemdhuru mtoto wake si jambo dogo. Hata hivyo, alimwambia bila kuficha.

Musyimi alimshika Kathini kichwani, kisha akatoka bila kuaga. Mwongeli alidhani amekasirika. Punde akasikia sauti yake ng'ambo ya ua, kwa Wavinya.

"Mama, ile sufuria nilikupatia haifai kwa chakula. Makosa ni yangu. Nirudishie, nitakutengenezea ya alumini."

Kisha akaenda kwa Ndila, akasema vilevile.

Musyimi alinunua bati la alumini na kulijaribu kwa sumaku ya Tima. Sumaku ilidondoka chini. Safari hii alikunja pembe kwa uangalifu zaidi.

Siku ya kufungua kanisa, keki ilitoka imeiva hadi katikati, chini rangi ya asali. Watoto walirudi kuomba tena, Kathini akiwa wa kwanza. Mama mchungaji akauliza, "Hii ni kazi ya nani?"

"Keki ni yangu," alisema Mwongeli. "Sufuria ni ya mume wangu."

Wavinya akadakia kutoka nyuma, "Fundi anayekuja mwenyewe kukuambia amekosea! Mimi sitapeleka kazi kwa mwingine."

Watu walipiga makofi. Musyimi aliinamisha kichwa, akitabasamu. Mwongeli alifurahi keki yake kusifiwa. Lakini siku hiyo alijivunia mumewe zaidi.