Severina na Foleni ya Kufunga

Mwisho wa mwezi, walimu wamepata mshahara, na ukumbi wa benki pale mjini Songea umejaa, hata pa kuweka mguu hapana. Severina, fundi cherehani wa sokoni, alifika dirishani tepu ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni. Gauni lake la kitenge cha kijani alilishona mwenyewe, nalo lilimkaa kana kwamba alizaliwa nalo.

Kijana wa dirishani akamtazama. "Dada, umekuja kuweka pesa au kunipima suti?"

"Nikupime kifua, chenyewe kiko wapi?"

Foleni nzima ikacheka.

Huyo ndiye Baltazar, mtu wa Rombo, aliyehamia Songea mwaka ule. Kifua hakuwa nacho kweli, lakini shati lake jeupe lilinyooka kwa pasi, na maneno alikuwa nayo. Kufikia Krismasi alikuwa amekwisha kushonesha kwa Severina mashati manne asiyoyahitaji, na kila mchana simu ililia kibandani.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Mimi nashiba sauti yako."

"Utakufa na njaa, Mchaga wewe!"

Mwezi wa kwanza benki ikabandika tangazo: mwenye akiba chini ya milioni mbili asiingie ndani, ahudumiwe nje kwenye mashine. Mama Benigna, muuza dagaa wa Nyasa, jirani wa kibanda cha Severina, alikuwa mteja wao miaka ishirini. Mlinzi akamrudisha mlangoni mbele za watu: "Mama, ndani ni kwa wateja wakubwa." Alirudi sokoni akilia kama aliyefiwa. Siku hiyohiyo Severina akawashawishi wenzake kila mmoja ahamishe akiba yake, waipeleke kwenye chama cha akiba na mikopo cha sokoni.

Jioni akampigia Baltazar. "Hivi watu wadogo wakihamisha pesa zao, benki inaumia?"

"Inaumia wapi, mpenzi? Akiba za soko zima ni kikombe cha maji kilichotekwa Ruvuma. Mto hauna habari."

"Kumbe mimi ni kikombe!" Severina akakata simu, na siri kwamba Jumatatu wangekwenda wote kufunga akaunti hakumwambia.

Jumatatu walifika wanawake hamsini na wawili. Mashine haiwezi kufunga akaunti, kwa hiyo mlinzi hakuwa na budi kuwapisha. Severina alikuwa wa kwanza.

"Nataka kufunga," alisema, amenuna.

Uso wa Baltazar ukachanua. Mwezi ule benki ilikuwa ikihimiza wateja wafunge fedha, yaani waziweke miezi sita bila kuzigusa ili zizae riba. Kinywani mwa watu wa benki, kufunga kulikuwa ndiko huko.

"Zote, mpenzi?"

"Zote."

"Umenipa heshima kubwa sana."

Severina alidhani anakejeliwa. Kwa hasira akatia sahihi bila kusoma, kisha akanyoosha mkono. "Lete pesa zangu."

"Si umezifunga? Mpaka mwezi wa saba."

"Yesu na Maria!" Mama Benigna akaguta nyuma yake. "Jemadari wetu katekwa!"

Wanawake wakaangua kicheko. "Umenitega, Baltazar," Severina alisema, akatoka machozi yakimlengalenga. Simu ikalia mara kumi na moja siku ile, hakuipokea.

Habari za benki akawa anazipata kwa Mama Benigna. Kila akaunti ilichukua nusu saa: fomu, sahihi, nakala ya kitambulisho. Siku tatu mfululizo makandarasi na wenye malori walisimama nyuma ya wauza dagaa, wakifoka. Alhamisi tangazo likabanduliwa.

"Pesa zetu hawakuzihisi, mwanangu," Mama Benigna alisema. "Foleni waliihisi!"

Ijumaa alasiri, mvua ikipiga mabati ya soko, Baltazar akasimama mlangoni, shati limemganda mwilini, bahasha mkononi.

"Nimemwandikia meneja kwamba kosa ni langu. Sikumuuliza mteja anafunga kwa maana gani. Pesa zako zimefunguliwa."

"Meneja akasemaje?"

"Amenipa onyo la maandishi, tena lina muhuri. Kile cheo nilichokuwa nakingoja basi tena."

Severina akaacha kukanyaga cherehani. Mtu huyu angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua.

"Sasa tangazo limeondoka," Baltazar akaendelea. "Si ungebaki tu?"

"Nahama."

"Hata sasa?"

"Wamelitoa kwa sababu tumehama. Tukirudi, watalibandika tena."

Baltazar akafikiri, akakubali kwa kichwa. "Haki yako. Nilisema kikombe; sikujua kikombe kina miguu." Kisha sauti ikashuka. "Na kwangu je? Unahama pia?"

Severina alimwacha alowe kidogo zaidi. "Una mshenga?"

"Mshenga wa nini?"

"Mtu wa benki, kila jambo mpaka ujaziwe fomu! Baba yupo Peramiho. Jumapili baada ya misa huwa nyumbani. Njoo na mtu mzima anayejua kusema. Wewe mwenyewe usifumbue kinywa, utaharibu."

Baltazar akajipapasa mifukoni atafute kalamu aandike saa. Kibanda cha pili, Mama Benigna, aliyejifanya anachambua dagaa muda wote huo, akapiga vigelegele kalamu ikiwa bado haijaonekana.