Pete ya Fundi Chogo

Siku ya tatu tangu mashine ile iingie karakana, Bi Sindano alimsikia mumewe akicheka peke yake. Hakikuwa kicheko cha mtu aliyekumbuka kituko. Kilikuwa kile cha chinichini alichokuwa akimchekea yeye enzi za uchumba, na hakuwa amekisikia kwa miaka kumi na moja.

Akaacha gauni la mteja kwenye cherehani, akatega sikio. Yeye alishonea barazani, mumewe alitengenezea vyake katika chumba cha ng'ambo ya ua. Watu walimwita Fundi Chogo kwa sababu ya skrini za zamani, zile zenye chogo kubwa nyuma, ambazo mafundi wengine hawataki hata kuziona. Mashine hii ilikuwa ya gemu la kusimama, refu kama kabati, la ukumbi mmoja wa michezo. Picha yake ilikuwa imejibana ikabaki mstari mmoja mweupe katikati ya kioo.

Fundi alikuwa na sharti. Kabla hajatia mkono kwenye chogo huvua pete ya ndoa, maana skrini hizo hutunza umeme hata zikiwa zimechomolewa, na umeme na dhahabu ya kidoleni havipatani. Kila mara humwita mkewe, humkabidhi, naye huivaa kwenye dole gumba mpaka kazi iishe. Siku hizi mapenzi yao yalikuwa hayo tu, na Bi Sindano aliyathamini kuliko alivyoonyesha.

Lakini siku mashine ilipofika alikuwa amenuna. Mumewe aliizunguka mara tatu akiipangusa kwa shati lake mwenyewe. "Mke wangu, hebu ona mabega haya! Wa zamani walijua kuumba!" Gauni jipya alilovaa mkewe tangu asubuhi halikupata hata nusu ya jicho. Basi alipoitwa aje kushika pete, akajibu bila kugeuka: "Mpe huyo huyo! Si umemwona mzuri? Muoe kabisa, mimi nimeridhia!"

Fundi akacheka, akaitundika pete kwenye msumari ndani ya mashine, akaendelea na kazi.

Sasa Bi Sindano alivuka ua na kuchungulia mlangoni. Mumewe siku zote hufanya kazi kwa mkono mmoja, mwingine kautia mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita moyoni. Leo mikono yote miwili ilikuwa ndani ya mashine hadi viwikoni. Juu ya harufu ya risasi ya kulehemu ilitanda harufu ya asumini, nzito, kama ya mwanamke aliyejipaka akatoka sasa hivi.

"Unaongea na nani?" akanong'ona.

"Na kazi," alisema, hakugeuka.

Ule mstari haukuwa mstari tena. Ulikuwa umenenepa katikati, kama jicho la mtu anayeamka. Na plagi ya mashine ilikuwa sakafuni, miguuni pake.

Tangu hapo Fundi hakugusa chakula. "Nimeshakula," alijibu, na midomo yake ilinuka asumini. Alibadilisha kapasita zote, vile vikopo vinavyotunza umeme, akalehemu upya kila kiungo kilichopasuka, na kila alipofunika mashine akaifunua tena papo hapo, kama aliyesahau kuaga. Bi Sindano akaona mashavu ya mumewe yanaingia ndani, akaona suruali inamvuka, akajua kwamba asipofanya kitu atakuwa mjane kabla mwezi haujaandama. Mchana mmoja mumewe alipoingia kuoga aliiendea ile pete mbio, lakini msumari uliokuwa umenyooka sasa ulikuwa umejikunja juu ya pete kama kidole, wenye joto la mwili wa mtu, na kadiri alivyovuta ndivyo ulivyozidi kujikunja, na nyuma ya kioo kitu kikavuta pumzi taratibu, kwa raha, kama mwenye nyumba anayemsikia mgeni akihangaika na kitasa.

Akakimbilia kwa shangazi wa mumewe, mama wa makamo aliyejua kusema na wasioonekana. Shangazi alisikiliza yote, akamkata jicho.

"Huyu hakuvamia, mwanangu. Ameposwa. Pete kapewa na mumeo, ruhusa kaitoa kinywa chako. Unamwita mwizi kwa lipi?"

"Sasa nifanyeje, shangazi?"

"Utamwomba. Kwa adabu, kama mke mwenzio. Akiiachia mwenyewe, atabaki humo na sanduku lake. Ukimnyang'anya, atafuata kilicho chake. Umenisikia? Meza hiyo hasira."

Siku ya pili shangazi akamshika mpwa wake barazani, na Bi Sindano akaingia karakana peke yake. Jicho kiooni lilikuwa limefunguka nusu. Akapiga magoti, mkono mmoja nyuma, mwingine akauingiza ndani.

"Dada," alisema, akiimeza hasira. "Nilikosea. Nilisema kwa hasira. Naomba unirudishie pete ya mume wangu."

Msumari ukaanza kunyooka. Taratibu. Pete ikalegea, ikasogea hadi karibu na ncha.

Ndipo sauti tamu ya kike ikamnong'oneza sikioni: "Ameniambia unakoroma."

Damu ikampanda Bi Sindano. "Mshenzi we! Nipe pete yangu!" Akainyakua, na msumari ukamuunguza dole. Kioo kikalia pwaa, jicho likafumba, harufu ya asumini ikakatika. Barazani Fundi akaomba chakula.

"Ameitoa mwenyewe?" shangazi akauliza.

"Ameitoa," alijibu Bi Sindano, huku akificha dole lililoungua.

Mashine iliwaka picha safi, ikarudi kwa mwenyewe. Wiki mbili nyumba ikatulia, Fundi akanenepa, hata gauni akalisifu. Kisha ikaja skrini nyingine ya chogo. Bi Sindano akaitwa, akavuka ua mbio akitabasamu, dole gumba tayari.

Fundi alikuwa ameshavua pete. Hakumtazama. Alinyoosha mkono wenye pete upande wa pili, pale pasipo na mtu, akatoa kile kicheko cha chinichini.

"Nishikie, mke wangu," alisema, akaiachia.

Pete haikuanguka. Ilibaki hewani, usawa wa kiuno, ikajigeuza kidogo kama inayovaliwa kwenye dole gumba. Na Bi Sindano, kabla hofu haijamfika, alipatwa kwanza na wivu.