Waya wa Baba Nzula

Kila Jumamosi Kathini alifua nguo nyuma ya nyumba yake, Kitengela. Waya wa kuanikia ulifungwa upande mmoja kwenye nguzo ya ua, na upande wa pili kwenye mti wa mukau.

Mukau huo ulipandwa na mume wake, Musila, mwaka wa 1994. Alileta mche kutoka kwao Kibwezi, ndani ya pakiti ya maziwa. Waya pia aliufunga yeye, mti ukiwa mwembamba kama mkono wa mtoto. Musila alifariki mwaka wa 2001. Tangu hapo Kathini hakukubali mtu aguse kitu alichokifunga mumewe. Hata kitasa kibovu cha mlango kilibaki vile vile.

Mwaka wa 2003 mti ulipukutisha majani. Kathini hakushtuka, kwa sababu mukau hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Lakini mvua ya Novemba ikanyesha, matope meusi yakajaa njiani, na mti ukabaki mtupu. Matawi mawili tu, yaliyo chini ya waya, yalikuwa na majani machache.

"Mama, mti unakufa," alisema binti yake, Nzula.

"Unapumzika tu," Kathini alijibu. Hata yeye hakuamini maneno hayo.

Nzula alienda kumwita Naeku, jirani anayeuza miche kando ya barabara.

"Supa, mama Nzula," Naeku alisalimu. "Nimeambiwa uko na mgonjwa."

Alitazama mti kutoka juu hadi chini, bila haraka. Alivuta kijiti cha juu, kikavunjika. "Hii imekauka." Kisha alikwaruza gome la tawi la chini kwa ukucha. "Ona, ndani ni kijani. Hapa kuko na uhai. Ukipata kahawia na kavu, pamekufa."

Akashika shina. "Sasa angalia hii waya. Mti umenenepa, waya haijalegezwa. Imeingia ndani ya gome. Maji haipandi vizuri, na chakula ya majani haishuki kwa mizizi. Lazima tukate."

"Hiyo waya alifunga baba Nzula," Kathini alisema.

"Najua. Angekuwa hapa, angeilegeza mwenyewe."

Kathini alilia. "Hata yeye alipougua nilingoja hivi. Alikonda, nikasema ni uchovu wa kazi. Tulifika hospitali tumechelewa."

Naeku hakumwambia anyamaze. Baadaye Kathini aliingia ndani, akatoka na koleo ya Musila. Aliukata waya kwa mkono wake. Sehemu iliyomezwa na gome waliikata vipande vipande, bila kuivuta, wasiumize mti zaidi. Walikata matawi makavu. Walitandaza nyasi kavu juu ya mizizi, mbali kidogo na shina. Maji ya sabuni, ambayo Kathini alizoea kumwaga hapo baada ya kufua, hayakumwagwa tena, na nguo zikahamia kwenye waya mpya kati ya nguzo mbili.

Mvua ya Aprili ilipokuja, matawi ya chini yalijaa majani. Sehemu ya juu haikurudi. Kivuli kilichobaki kilitosha kiti kimoja.

"Ungeniita mapema, pengine wote ungepona," Naeku alisema.

"Najua," Kathini alijibu.

Mwezi wa Juni, Nzula alianza kukohoa. Siku ya tatu, Kathini alivaa viatu asubuhi na kuchukua leso yake.

"Ni baridi tu, mama," Nzula alisema.

"Labda," Kathini alijibu. "Twende hospitali wakuangalie."