Mbwa Aliyesingiziwa

Hadithi hii alinisimulia Valasi, mama yake mtoto mwenyewe, Alhamisi moja ya mwezi wa saba mwaka jana, tulipokuwa tukisuka mikeka katika nyumba ya kamati ya wanawake. Mengine aliyaona kwa macho yake. Mengine aliambiwa na binti yake baadaye, mambo yalipokwisha. Nami nawaandikia ninyi wajukuu kama nilivyoyasikia.

Fuatino alikuwa na miaka kumi na mmoja. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule alichukua ufagio wa chelewa akafagia majani ya mshelisheli uani, na nyuma yake alifuata mbwa wake Masi, hatua kwa hatua, kama mkaguzi. Rundo la majani likiwa tayari, Masi alijitupa juu yake na kulitawanya lote.

"Masi! Kazi yote umeiharibu!"

Masi alitikisa mkia, basi Fuatino akafagia upya. Ndivyo ilivyokuwa kila siku ya Mungu.

Mbwa yule alikuwa wa rangi ya mchanga, sikio moja limesimama, jingine limelala. Fuatino alimwokota kando ya barabara ya mabasi, mbwa akiwa bado mdogo, ngozi yote upele, watu wakimrushia mawe na kupiga kelele, "Halu! Halu!" kama tunavyowafukuza mbwa huku kwetu Savaii. Alimbeba ndani ya shati lake la shule. Alimwogesha maji ya bahari, akampaka mafuta ya nazi kila jioni kwa miezi mitatu. Chakula cha kwanza alichompa kilikuwa biskuti ngumu, kwetu huitwa masi, na hilo likawa jina lake. Binamu yake Sose alimcheka sana.

"Haya, mama mbwa! Mwanao ananuka!"

"Ananuka lakini hasengenyi watu kama wewe," Fuatino alimjibu.

Mwaka uliofuata Fuatino aliugua. Ilianza na koo kuuma, akapewa maji ya chumvi asukutue, likapoa. Wiki chache baadaye magoti yakavimba, kisha viwiko, na homa ikapanda. Nyumba zetu hazina kuta, ni nguzo tu juu ya jukwaa la mawe. Masi hakuruhusiwa kupanda ndani ya nyumba, kwa hiyo alilala juu ya mawe ya ukingoni, pale pale kichwa cha Fuatino kilipokuwa, na mtoto akishusha mkono aliikuta pua yake. Siku ya nne Nesi Saina alifika, akamsikiliza moyo, akasema, "Huyu apande feri leo hii."

Alikaa hospitali ya Apia, kisiwa cha pili, wiki saba. Waliita ugonjwa wake homa ya baridi yabisi. Alitibiwa vizuri, akapata nafuu, lakini wiki saba ni nyingi kwa mtoto anayemwaza mbwa wake kila anaposikia mbwa wa mjini wakibweka. Aliporudi Nesi Saina alimpa kadi.

"Kila wiki nne nitakuja shuleni nikuchome sindano. Ukikosa, ugonjwa unarudi, na safari hii utaula moyo. Na mimi nikisikia kitu hapa kifuani, feri inakungoja. Umenielewa, binti?"

Fuatino alielewa, lakini alielewa kitoto. Katika maneno yote yale alishika moja tu: feri. Alijiambia kuwa aliyemtenga na Masi ni yule nesi na kile kifaa chake cha masikioni. Asiposikilizwa kifua, hatapelekwa popote.

Alivumilia sindano tano. Siku ya sindano ya sita ilipofika, alijificha nyuma ya kanisa na Masi wake, akamtuma Sose akamwambie nesi kwamba amekwenda Apia kwenye harusi ya shangazi na atachomwa huko huko.

"Nikiulizwa ni shangazi yupi?" Sose aliuliza.

"Sema yule mnene."

"Wote wanene!"

"Basi hutakosea."

Nyumbani alimwambia mama yake kuwa amechomwa, akachechemea kidogo ili aaminike. Mwezi uliofuata alifanya vile vile.

Haukupita muda, koo likamuuma tena. Hakusema. Kisha goti la kulia likaanza kuwaka moto, halafu la kushoto. Asubuhi alifagia akiwa ameegemea ufagio, na Masi hakuruka tena juu ya majani. Alisimama tu akimtazama, sikio lake moja juu.

Sasa, kuchechemea mtu anaweza kuficha. Lakini kwetu jioni kombe la bahari linapopulizwa, kila nyumba huingia kwenye sala, na kwenye sala watu huketi chini wamekunja miguu. Kumnyooshea mwenzio nyayo ni utovu wa adabu mkubwa. Mzee tu au mgonjwa ndiye anayenyoosha, naye hujifunika mkeka miguuni. Jioni ile Fuatino alijaribu kukunja, machozi yakamtoka. Akavuta mkeka taratibu, akanyoosha miguu chini yake.

Babu yake, Iakopo, aliona. Alingoja hadi "amina" ya mwisho.

"Kumbe tuna bibi kizee humu ndani," alisema. "Magoti yana nini, mjukuu wangu?"

Sose aliziba mdomo asicheke. Valasi aligeuka. Wote walikuwa wanamtazama, na ulimi wa Fuatino ukakimbilia njia ya karibu.

"Nilianguka, babu. Kwenye miamba. Masi... Masi alinirukia akaniangusha."

"Mbwa alikuangusha kwenye miamba?" Valasi aliuliza kwa sauti ya chini, ile ambayo ni mbaya kuliko ya juu. "Wewe mwenye moyo wa kuchungwa kama yai?"

"Hakukusudia, mama."

"Kesho mbwa huyu haonekani hapa."

Hakukuwa na mjadala. Kulipokucha mjomba Ulisese, ambaye hukaa shambani juu mlimani kwenye magimbi yake, alimfunga Masi kamba shingoni na kumpakia nyuma ya gari. Masi hakubweka. Alimtazama Fuatino tu mpaka gari likapinda kona ya kanisa.

Siku tatu zilizofuata ndizo zilizomfundisha mtoto yule maana ya kukosa. Aliamka na kushusha mkono kwenye mawe, akakuta mawe. Alifagia, na rundo la majani likabaki rundo, zuri, limenyooka, hakuna aliyeligusa. Alilichukia. Kila gari lililoshuka kutoka mlimani lilimfanya ainue kichwa. Shelisheli ya kuchoma, aliyokuwa akimgawia Masi maganda, ikamshinda kumeza.

Siku ya tatu mjomba Ulisese alishuka na mzigo wa magimbi.

"Dada," alimwambia Valasi, "mbwa wenu hali. Nimempa samaki, hataki. Analala mwisho wa kamba, uso huku chini kwenu. Sasa mimi nifanye nini, nimwimbie?"

"Atazoea."

"Na asipozoea, yuko mtu anamtaka, wa upande wa pili wa kisiwa. Nimpe?"

"Mpe," alisema Valasi.

Fuatino alikuwa nyuma ya nguo zilizoanikwa, anasikia yote. Akahesabu mambo yake. Akinyamaza, Masi anakwenda kwa mgeni na jina baya ambalo si lake. Akisema, Masi atarudi nyumbani, lakini yeye atapanda feri, na safari hii labda asirudi upesi. Vyovyote vile, wataachana. Alisimama pale hadi goti likamkatalia. Akatoka akichechemea, akaenda kwa babu yake, aliyekuwa akisokota kamba ya makumbi ya nazi pajani.

"Babu, Masi hakuniangusha."

Iakopo aliacha kusokota.

"Hakunigusa kabisa. Magoti yanavimba yenyewe. Sikuchomwa sindano, babu. Mara mbili. Nilimdanganya nesi, nikamdanganya mama, halafu nikamsingizia Masi kwa sababu yeye hawezi kujibu."

Mzee alimvuta karibu, akaligusa goti kwa kiganja. Lilikuwa la moto kama jiwe la tanuri la Jumapili.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Sikutaka feri. Sikutaka kumwacha."

"Mbwa wako alipokuja hapa," Iakopo alisema polepole, "alikuwa na madonda mwili mzima. Aliyaficha? Alijilaza hapo mbele yetu sote, ndiyo ukapata pa kumpaka mafuta. Ungemtibuje kama angejificha chini ya nyumba?" Kisha akapaza sauti. "Valasi! Ulisese! Gari lisiondoke. Kuna mgonjwa hapa, na kuna mbwa ametukanwa bure."

Valasi alipoelezwa, kwanza alimkaripia, halafu akalia, halafu akamkaripia tena huku anamfungashia nguo. Ulisese aliapa kwamba angemrudisha mbwa kabla ya jioni. Wakapita kwa Nesi Saina. Nesi alisikiliza kifua kwa muda mrefu, macho ameyafumba.

"Nasikia mlango mmoja wa moyo unavuja kidogo," alisema. "Kidogo. Mmekuja kwa wakati. Mngengoja hadi sindano ijayo, nisingesema hivi."

"Nesi, ni mimi niliyekudanganya," Fuatino alisema.

"Najua. Shangazi wa harusi mbili katika miezi miwili? Nilikuwa nakuja kwa mama yako wiki hii. Nilichelewa, na mimi nina kosa langu. Twende."

Basi akapanda feri. Alisimama nyuma akiitazama Savaii ikipungua, na hakumwona Masi hata kumuaga.

Hospitalini alilala wiki tano. Wakati mwingine Sose alimpigia kwenye simu ya mama, aliyekuwa akimuuguza.

"Niwekee Masi sikioni."

"Sikio gani, lililolala au lililosimama?"

"Sose!"

"Haya, ongea."

"Masi? Masi, ni mimi."

Kikasikika kicheko cha Sose. "Anatazama nyuma ya simu! Anadhani umejificha huko, mjinga huyu!"

Fuatino alicheka pamoja naye, kisha akaugeukia ukuta. Baadaye aliambiwa kwamba Masi alikwenda kila siku kituo cha basi, akalingoja la jioni, akawatazama watu wakishuka mmoja mmoja. Wiki ya nne akaacha kwenda. Hilo lilimuuma kuliko sindano zote.

Alirudi Jumamosi. Alishuka kwenye basi akiita, "Masi! Masi!" Mbwa alikuwa chini ya mshelisheli, amekonda. Aliinua kichwa, akamtazama, akakishusha tena. Fuatino aliposogea, Masi aliinuka na kwenda kulala mbali zaidi.

"Amenisahau," alisema Fuatino.

"Hajakusahau," alisema Sose. "Amenuna."

Jumapili, baada ya kanisa, tanuri likafunuliwa, watu wakala magimbi na majani yenye tui mpaka wakashindwa kuinuka. Fuatino hakumaliza chake. Kwetu mtu akimkosea mwenziwe kosa kubwa, huenda akaketi chini nje ya nyumba yake, mkeka umemfunika kichwa, haondoki mpaka mkosewa mwenyewe aje autoe. Fuatino alinyanyuka, akashika mkeka.

"Siyo ule mzuri!" Valasi alipiga kelele. "Ule wa bibi yako! Chukua wa kulalia!"

Akachukua wa kulalia. Akaketi juani mbele ya Masi, hatua kumi hivi, akajifunika.

"Watu wa Savaii, njooni muone," alisema Sose. "Mbwa anaombwa radhi!"

"Nyamaza," babu alisema. "Amemsingizia. Kosa ni kosa."

Chini ya mkeka kulikuwa na joto na harufu ya majani makavu. Fuatino hakuita. Alisikia kuku, akasikia mawimbi kwenye mwamba, akasikia moyo wake mwenyewe, ule uliovuja kidogo, unapiga. Muda ukapita. Sose aliacha kucheka. Kisha kitu baridi na chenye maji kikagusa vidole vyake pembeni mwa mkeka. Pua. Meno yakashika ukingo, yakavuta mara moja, mbili, na jua likamwingia machoni. Masi alisimama juu yake na mkeka mdomoni, mkia wake haukujua upande gani uende.

Hapo Fuatino akalia kilio chote alichokuwa amekiweka tangu feri ya kwanza.

Valasi alikuja akaketi karibu nao juu ya mawe.

"Unasikia, binti yangu," alisema. "Sindano haijawahi kukutenga na mbwa huyu. Ungechomwa kila mwezi, ungelala hapa hapa naye. Uongo ndio uliokupandisha feri mara ya pili, na ndio uliomfunga yeye kamba. Ukiumwa, sema siku ile ile. Maradhi yakitajwa mapema ni madogo. Yakifichwa hula, na hayali mwenyewe peke yake, hula na wanaompenda."

"Ndiyo, mama. Sindano ya Alhamisi nitakwenda mwenyewe."

"Tutakwenda wote. Nesi kasema mpaka uwe mtu mzima."

"Na Masi?"

"Masi atangoja getini mwa shule. Sasa lala, ni saa ya usingizi wa Jumapili mchana."

Babu alikuwa amekwisha kuanza kukoroma. Mjomba Ulisese alilala kifudifudi kama mtumbwi uliopinduliwa, na Sose alisinzia mdomo wazi. Valasi alimngoja binti yake hadi akajinyoosha kwenye ukingo wa nyumba, akamfunika shuka, naye akajilaza kando, upepo wa bahari ukipita katikati ya nguzo. Fuatino alibaki macho peke yake katika kijiji kizima. Alishusha mkono kwenye mawe, vidole vikaingia kwenye manyoya yenye joto, vikatulia humo. Akafumba macho, na usingizi ukamchukua.