Upupu kwenye Koti la Rubani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Modesta alikamua ng'ombe wa nyumbani kwao Bagara huku dada yake Bernadeta akiwashika ndama. Zamani kazi hiyo ilijaa maneno. Bernadeta alikuwa akieleza jinsi bawa linavyoinua ndege, na Modesta akijifanya anaelewa. Tangu arudi kutoka Arusha, Bernadeta hakuwa na maneno tena. Alishika kamba, akatazama chini, basi.

Aliyemnyamazisha anaitwa Valence. Mtu huyo alifika kwao amevaa koti la bluu lenye mistari ya dhahabu mabegani, akasema yeye ni mkufunzi wa marubani na ana chuo chake Arusha. Baba yao, Mzee Gidamanyega, alimkaribisha maziwa. Katika nyumba ya Mzee Gidamanyega, mgeni akishakunywa maziwa hahojiwi, kwa sababu kumhoji ni kumtukana. Valence alimaliza kibuyu kizima, akapangusa mdomo, akaondoka na ada ya Bernadeta iliyopatikana kwa kumuuza fahali wa baba.

Huko Arusha, Bernadeta alikuta chumba kimoja, viti vya plastiki na kompyuta yenye mchezo wa ndege. Alipouliza ndege yenyewe iko wapi, aliambiwa iko kwenye matengenezo. Alipouliza tena, Valence alimwita mchunga ng'ombe mbele ya wenzake. Siku moja wanafunzi walikuta mlango una kufuli, na simu ya Valence haipatikani.

Baba hakumwambia mtu yeyote. Aliona aibu kwamba yeye, anayejulikana katika minada yote ya Hanang, ametapeliwa nyumbani kwake. Modesta hakuona aibu hata kidogo. Alikuwa na hasira. Alilala nayo, akaamka nayo, akaenda nayo darasani.

Ndipo rafiki yake Rehani, anayetoka Mutuka, alipomletea habari.

"Yule Valence anakuja Jumamosi kwenye ukumbi wa shule kuandikisha wanafunzi wengine," alisema Rehani. "Mama anataka kaka yangu aende kwake."

Modesta alimsogelea. "Kwenu bado kuna upupu?"

"Umejaa kwenye uzio wa shamba. Wa nini?"

"Wa mtu fulani," alisema Modesta. "Ajikune mpaka alie."

Jumamosi Modesta aliingia kwa mlango wa nyuma wa ukumbi akiwa na upupu ndani ya mfuko wa plastiki. Katika chumba cha wageni aliona koti la bluu kwenye kiti, lenye mistari ya dhahabu mabegani. Moyo ulimdunda kwa furaha. Alikung'uta yale manyoya yanayowasha ndani ya kola, mpaka ya mwisho, kisha akaenda kukaa mbele ili asikose kuona. Baba na Bernadeta, ambao nao walisikia Valence anakuja, walikuwa wamekaa nyuma kabisa.

Valence aliingia akiwa amevaa koti lake. Modesta aliduwaa. Kumbe mwalimu mkuu alikuwa amealika mgeni mwingine, Kapteni Otilia, mkufunzi wa marubani kutoka Moshi. Alikuwa mama mfupi, mpole, na koti lile lilikuwa lake. Alipolivaa na kuanza kusalimia watu, mkono ulimwenda shingoni, kisha mgongoni, kisha mikono yote miwili.

"Mnaona?" alisema Valence akicheka. "Urubani si kazi ya akina mama!"

Watu wakacheka. Kapteni Otilia akatoka nje, machozi yakimlengalenga, na Modesta akamfuata mbio.

"Usijikune, mama! Ngoja nilete majivu!"

Alichota majivu kwa mama lishe wa jirani, akampaka shingoni.

"Umejuaje kwamba ni upupu?" aliuliza Kapteni Otilia.

Modesta angeweza kudanganya. Alimtazama yule mama alivyovimba, akashindwa. Akamweleza yote: maziwa, fahali, kufuli, na jinsi Bernadeta asivyoongea siku hizi.

"Ningekuchapa, ila mikono yangu ina kazi," alisema Kapteni Otilia akijikuna. "Una haki ya kukasirika. Lakini uliona mistari ya mabegani ukaishia hapo hapo. Baba yako naye aliishia hapo hapo. Hebu niambie, mnadani hununuaje mtamba?"

"Humtembeza. Humwangalia meno na kiwele. Kisha huuliza majirani wa muuzaji."

"Na muuzaji akikataa asikaguliwe?"

"Baba anaondoka."

"Basi rudi ndani ukamkague yule."

Modesta alirudi, akanyoosha mkono juu.

"Shikamoo, Kapteni Valence."

"Marahaba, binti."

"Ndege ya chuo chako iko wapi, tukaione?"

"Iko kwenye matengenezo."

"Leseni yako ya kufundisha je?"

"Nimeiacha ofisini."

"Basi tutajie mwanafunzi wako mmoja ambaye sasa ni rubani."

Valence alikohoa. "Mtoto huyu hana adabu! Ni wa nani?"

"Ni mdogo wangu," sauti ilitoka nyuma. Bernadeta alikuwa amesimama. "Mimi nilikuwa mwanafunzi wako. Ndege sikuiona."

Mzee Gidamanyega, aliyekuwa kando ya Bernadeta, alinyanyuka polepole. "Na fahali alikuwa wangu," alisema.

Ukumbi mzima ulilipuka. Valence aliparamia mlango, lakini mama yake Rehani na wenzake walikuwa wameshauziba, wala hawakupisha. Polisi walioitwa na mwalimu mkuu walipomchukua, Modesta alimtazama mpaka gari likapotea barabarani. Alifurahi sana, na hakuificha furaha yake.

Furaha hiyo iliishia kwenye beseni. Ilimbidi afue koti la Kapteni Otilia, na upupu ukamwasha mikono mpaka jioni. Hakuna aliyemhurumia.

"Kapteni, naomba unifundishe wewe," Bernadeta alisema siku hiyo.

"Bado," alijibu Kapteni Otilia. "Njooni Moshi mnikague kwanza."

Wakaenda wote watatu. Mzee Gidamanyega aliizunguka ndege, akapapasa matairi, akainama kutazama tumbo lake. Aliomba leseni, akaishika karibu na macho. Kisha akawaendea wanafunzi. "Mtu akikosea huko juu, mama huyu hufanyaje?"

"Anakuonyesha, halafu anakuachia ujaribu tena," alijibu mmoja wao. "Hatukani mtu."

Kapteni Otilia akawaingiza ofisini, akaleta chai ya maziwa. Mzee aliisogeza pembeni.

"Usikasirike, Mwalimu. Nitakunywa nikishamaliza kuuliza."

Akauliza mpaka akaridhika. Kisha akawageukia binti zake.

"Nilimheshimu mgeni nikasahau kumkagua, na Modesta akaadhibu koti bila kumjua mwenyewe. Tukitaka mwalimu, au tukitaka kumshika mwizi, tuulize kwanza. Na mtu akitutapeli tuseme wazi, maana aibu ni yake. Nilivyonyamaza, nilikuwa namtafutia wateja."

Ndipo akaichukua ile chai, akainywa yote. Nje, Bernadeta alikuwa ameshaifikia ndege, na alikuwa akimweleza Modesta jinsi bawa linavyofanya kazi.