Mume Wangu, Meli Yako Inaeleaje?

"Jibu haraka! Meli inaeleaje?"

Ujumbe uliingia kwenye simu ya Chiriku huku sauti ya mumewe ikisikika redioni, kule sebuleni, ikikohoa kikohozi cha mtu anayetafuta muda. Mlango kati ya Chiriku na sebule ulikuwa umefungwa kwa nje. Ufunguo alikuwa nao mama mkwe.

Tuelewane mapema, msomaji wangu. Huyo mume, ambaye kila mtu anamwita Mwandishi, hakuwa anaandika. Vile vitabu vitatu vya meli ya angani kubwa kama mji, vyenye jina lake na picha yake ameshika tama, viliandikwa na mkewe ndani ya chumba chenye meza, kitanda chembamba na dirisha la nondo linalotazama ukuta wa jirani. Kazi ya Mwandishi ilikuwa sauti. Na sauti alikuwa nayo, tusimnyime haki yake. Alipomsomea Chiriku kwa sauti kurasa za kwanza alizoandika Chiriku mwenyewe, enzi za uchumba, binti wa watu alilia akajua huyu ndiye.

Ndoa ikafuata. Kisha likaja jina la mume kwenye jalada.

"Mpenzi, nani atanunua mambo ya angani yaliyoandikwa na mwanamke?"

Kisha ukaja ufunguo.

"Ni kwa ajili yako, usisumbuliwe."

Mama mtu aliambiwa kwamba mke anamchapia mwanawe kazi, na asipofungiwa atashinda kwa majirani akipiga soga. Kila Mwandishi alipohojiwa, Chiriku alimlisha majibu kwa simu. Leo alikuwa ameshika simu hiyo hiyo, na vidole havikutaka.

Redioni, binti mmoja mwanafunzi alikuwa bado kwenye laini.

"Mwandishi, mwisho wa kitabu cha tatu meli inashuka, inasimama juu ya mji, watoto wanatoka kuipungia mikono. Inaeleaje? Hata kofia zao haziruki!"

Chiriku akacheka peke yake. Katika vitabu vyote vitatu, hiyo ndiyo sura pekee aliyoiandika mumewe. Waligombana sana juu yake. Yeye alitaka meli ibaki juu, mume alitaka kishindo.

Akaandika: "Haielei. Sura hiyo ni yako."

"Usinifanyie hivi. Nitumie chochote!"

"Sema ulikosea. Watu wanasamehe."

Redioni Mwandishi akatoa kile kicheko chake cha asali.

"Binti, meli ile ina injini ya pekee sana."

"Injini inasukuma nini? Kama inasukuma hewa chini, mbona nguo zilizoanikwa zimetulia tu kwenye kamba?"

"Hadithi si darasa, binti. Na mambo ya angani yana wenyewe. Wewe soma zile za mapenzi, hizo utazielewa."

Mtangazaji akacheka. Laini ya binti ikakatwa.

Chiriku alisikia uso ukiwaka. Maneno yale yale aliambiwa yeye, akayameza, akajifanya yameshuka. Akapiga namba ya studio.

"Msikilizaji, uko hewani! Kwanza punguza redio yako, inarudi huku."

"Siifikii." Akaugonga mlango. "Mama! Mama, punguza redio!"

"Nipunguze?" Mama mkwe aling'aka kutoka upande wa pili. "Mwanangu wa kumzaa anaongea na nchi nzima, wewe unataka nimpunguze? Chapa kazi ya mumeo huko ndani!"

Nchi nzima ikasikia.

"Dada," mtangazaji akauliza kwa uangalifu, "huyo mama ni nani?"

"Mama mkwe wangu. Lakini nimepiga kumjibu yule binti. Binti, kama bado unasikiliza, uko sahihi. Meli ile ina uzito wa mlima, na hewa haibebi mlima bure. Ili isimame pale, lazima isukume hewa chini kwa nguvu sawa na uzito wake wote, bila kupumzika, na hewa hiyo inaushukia mji. Nguo zingeng'oka na kamba, mabati na misumari yake. Wale watoto wasingekuwa na mikono ya kupunga."

"Si ingeelea tu kama puto?" mtangazaji akadakia.

"Puto linaelea kwa sababu ni jepesi kuliko hewa. Meli ile imejaa chuma na watu. Halafu umbo lake! Kule juu hakuna hewa ya kulipinga, hata umbo la kabati linasafiri. Likiingia hewani kwa mwendo ule, joto linalila kabla halijaona paa la kwanza. Ndiyo maana kwenye sura nyingine zote meli inabaki juu, watu wanashuka na vyombo vidogo vyenye mabawa." Akautazama mlango uliofungwa. "Kitu kizito kikikaa juu kwa raha zake, ujue kuna anayekandamizwa chini."

"Dada, unavijua hivi vitabu kuliko sisi sote. Wewe ni nani?"

"Muulize Mwandishi."

"Mwandishi, unamfahamu huyu dada?"

Chiriku alishika simu kwa mikono miwili. Alikuwa tayari kuachia hata vitabu, nawaambieni ukweli. Alitaka tu kusikia maneno mawili: mke wangu.

"Ni... ni mpiga chapa wangu," Mwandishi akasema.

Upande wa pili wa mlango kiti kilikwaruza sakafu. Ufunguo ukazunguka. Mama mkwe akasimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Mpiga chapa? Siku ya harusi nilicheza mpaka goti likavimba, kumbe namchezea mpiga chapa? Lete hiyo simu."

Akaishika mbele ya mdomo kama kipande cha muhogo.

"Mwanangu, unanisikia?"

"Mama? Mama, siyo hapa, tafadhali..."

"Hapa hapa. Mimi ndiye niliyekuzaa. Hata pazia hujawahi kulitundika likakaa. Hiyo meli umeitundika na nini?"

Redioni kikasikika kile kikohozi.

"Nakuuliza!"

"Sijui, Mama."

"Anayejua ni nani?"

Redio haipendi kimya, lakini kile mtangazaji alikiacha kipite.

"Mke wangu," Mwandishi akasema, na ile sauti yake nzuri ilikuwa imekauka. "Vitabu ni vyake. Vyote. Ile sura ya mwisho tu ndiyo yangu."

"Ile isiyoelea," mama akamalizia, akamrudishia Chiriku simu.

"Dada," mtangazaji akasema taratibu, "tutajie jina lako tulisikie vizuri."

Chiriku akalitaja lote, la kwake na la baba yake, polepole kama anayejaribu nguo ya zamani kuona kama bado inamtosha. Kisha akalia. Redioni yakaingia matangazo ya sabuni.

Mama mkwe alikaa ukingoni mwa kitanda, akaziangalia nondo za dirisha.

"Mkwe wangu, aliyezungusha ufunguo ni mkono huu. Niliambiwa, nikaamini."

"Ni mwanao, Mama."

"Na wewe, uliamini kwa sababu gani?"

"Nilimpenda."

"Bado?"

"Bado. Ndio ubaya wake."

Simu ikaita. Ni yeye.

"Mpenzi, nimesema! Mbele ya watu wote nimesema. Nakupenda."

"Najua. Na bado ulinifungia."

"Nakuja, tuongee. Usitoke."

"Unasikia unavyoongea? Bado unajiona una ufunguo."

Akakata. Akaweka kompyuta kwenye begi, akavaa viatu vilivyokuwa vimeshika vumbi chini ya kitanda. Mlangoni akasimama, akachomoa ule ufunguo kwenye kitasa na kuutia mfukoni. Mama mkwe alimtazama, akamfungulia geti bila kuuliza anakwenda wapi.

Barabarani jua lilikuwa kali. Fundi viatu alikuwa akigonga soli, na redio yake ilikuwa bado kwenye stesheni ile ile. Juu ya vibaraza shuka za watu zilipepea kidogo kwenye kamba. Chiriku alisimama kuziangalia mpaka fundi akamuuliza kama amepotea.

"Hapana, kaka. Naangalia tu."

Ujumbe ukaingia.

"Nimefika. Mama amegoma kunifungulia geti. Uko wapi?"

Akajibu neno moja: "Nje."